Nani Huhesabu Wasomaji? Riwaya Pendwa za Kiswahili katika Uvira na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

Riwaya ya Kiswahili inayosomwa Uvira aghalabu imeandikwa Dar es Salaam au Unguja, imepigwa chapa Nairobi au Dar es Salaam, na imenunuliwa kwa mara ya kwanza na mtu ambaye siye anayeisoma sasa. Katika daftari la mchapishaji imehesabiwa mara moja, kama nakala iliyouzwa Tanzania au Kenya. Katika daftari za Kinshasa haimo. Sheria ya tarehe 2 Januari 1974 kuhusu uwekaji wa lazima wa machapisho iliwahusu waliochapisha nchini. Kitabu kilichovuka ziwa ndani ya mfuko wa abiria hakikuwa na ofisi ya kukipokea. Kwa hiyo mtu akiuliza ni riwaya gani ya Kiswahili iliyopendwa kuliko zote katika mwambao huu, toka Kavimvira hadi Baraka, hakuna daftari la kufungua akapata jibu. Na kwa kuwa hakuna jibu, imezoeleka kusemwa kwamba hakuna wasomaji. Kauli hii ya pili haitokani na ile ya kwanza, nayo ndiyo inayochunguzwa katika makala haya.

Uhesabuji wa wasomaji una historia, na historia hiyo si ndefu. Mwaka 1895 jarida la The Bookman la New York, likihaririwa na Harry Thurston Peck, lilianza kuchapisha majina ya vitabu vilivyokuwa vikiuzwa zaidi katika maduka ya miji mbalimbali ya Marekani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1894, majeshi ya Dola Huru la Kongo yalikuwa yamemaliza vita vyake dhidi ya Waarabu na Waswahili wa mashariki, na Rumaliza, aliyeitawala biashara ya ziwa kutoka Ujiji, alikuwa amekimbilia upande wa Wajerumani. Mfanyabiashara aliondoka, lugha ya misafara ikabaki. Lugha hiyo ilikwisha kusikika Uvira tangu mwaka 1858, mabaharia na wapagazi wa Burton na Speke walipofika huko kwa mitumbwi. Hivyo basi, wakati wauza vitabu wa Marekani wanaanza kupanga orodha zao, mwambao wa Tanganyika ulikuwa na lugha iliyoenea mbali sana, lakini karibu haukuwa na kitabu cha hadithi kilichopigwa chapa katika lugha hiyo. Mchapishaji hakuwako, duka halikuwako, na kwa hiyo hata cha kuhesabu hakikuwako.

Gazeti la The New York Times lilitoa orodha yake ya kwanza mwaka 1931, kwa mji wa New York peke yake, na mwaka 1942 likaifanya ya nchi nzima. Watu wengi huichukulia orodha hiyo kama hesabu ya karani. Sivyo. Gazeti huchagua maduka ya kuuliza, hupima majibu kwa njia ambayo halijaiweka wazi yote, kisha huchapa matokeo. Jambo hili lilidhihirika mahakamani. Mwandishi William Peter Blatty alilishtaki gazeti hilo kwa sababu riwaya yake Legion, iliyotoka mwaka 1983, haikuonekana katika orodha kama alivyoona inastahili kwa mauzo yake. Gazeti lilijitetea kwamba orodha ni kazi ya uhariri inayolindwa na uhuru wa habari, na mwaka 1986 Mahakama Kuu ya jimbo la California ikamkatalia Blatty madai yake. Baadaye, mwaka 2001, mfumo wa BookScan ulianza Marekani kukusanya mauzo moja kwa moja kutoka kwenye mashine za malipo za maduka. Hapo usahihi uliongezeka, ila kwa kitabu chenye namba, kilichouzwa kwenye duka lenye mashine, kwa mnunuzi aliyelipa pale pale. Kitabu kinapotoka mlangoni, mashine haina habari nacho tena.

Msomaji asidhani kwamba Afrika Mashariki ilikosa kabisa vipimo. Ilikuwa navyo, lakini vya namna nyingine. Halmashauri ya Vitabu ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 chini ya uongozi wa Charles Richards, ilitafuta waandishi kwa njia ya mashindano. Mashindano ya mwaka 1957 hadi 1958 ndiyo yaliyomtoa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyotoka mwaka 1960 na kumjulisha kwa umma yule mpelelezi mtulivu, Bwana Msa. Zawadi ya shindano ni kipimo cha waamuzi, si cha wasomaji. Hata hivyo riwaya hiyo ilipita waamuzi ikawafikia wasomaji, na ushahidi wa jambo hilo umo katika ukurasa ambao wasomaji wengi huuruka: ule wa nyuma ya ukurasa wa jina, unaotaja mwaka wa chapa ya kwanza na miaka ya chapa zilizofuata. Kwa mwanahistoria wa fasihi ya Kiswahili, ukurasa huo ndio orodha ya mauzo ya maskini. Hautaji idadi ya nakala, hautaji miji, lakini unasema jambo moja ambalo haliwezi kusemwa bure: kwamba zile za kwanza zilikwisha, na mtu fulani akaamua kutoa fedha zipigwe nyingine.

Ni kwa ukurasa huo pia kwamba mtu huanza kuona nguvu ya riwaya ya upelelezi. Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, ilirudiwa kupigwa chapa na kupita mikononi mwa vizazi viwili. Aristablus Elvis Musiba alifuata mwaka 1974 na Kufa na Kupona, akamzaa Willy Gamba, jasusi ambaye jina lake lilitambuliwa hata na watu wasiomjua mwandishi wake. Kampeni ya kisomo cha watu wazima nchini Tanzania ilikuwa imepunguza kiwango cha wasiojua kusoma toka kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967 hadi karibu asilimia 20 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wasomaji hao wapya hawakungoja wahakiki wawaelekeze. Walisoma Musiba, Eddie Ganzel, Hammie Rajab na Ben Mtobwa, na wahakiki, walipowafikia, wakaziita kazi hizo fasihi pendwa.

Istilahi hiyo inastahili kutazamwa kidogo. Pendwa imetokana na kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa, na kama ilivyo desturi ya kauli hiyo, mtenda anaweza kuachwa asitajwe. Fasihi imependwa, aliyeipenda hasemwi. Katika maandishi mengi ya uhakiki neno hili lilitumika kwa dharau ya chini chini, likiwa kinyume cha fasihi inayostahili kufundishwa, na dharau hiyo ilisaidia kumficha mtenda. Wahakiki walieleza kwa urefu kwa nini riwaya za ujasusi zilipendwa, yaani kasi ya visa, mapenzi, damu, anasa za mahoteli, lakini ni wachache walioeleza ni nani aliyezipenda na wapi. Ikadhaniwa kwamba ni kijana wa Dar es Salaam. Kwa sehemu kubwa dhana hiyo ni sahihi, na ndiyo maana haikuulizwa zaidi.

Kipimo kingine, chenye nguvu kuliko vyote, ni shule. Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora ilitahiniwa katika shule za sekondari za Kenya toka mwaka 2013 hadi 2017, na mwaka huo wa mwisho peke yake watahiniwa walizidi 600,000. Hakuna riwaya ya mapenzi wala ya ujasusi inayoweza kushindana na hesabu ya namna hiyo. Lakini ni hesabu ya wanafunzi walioamriwa. Kinyume chake ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kabla ya kuja kuruhusiwa baadaye: kwa miaka kadhaa ilisomwa na wale walioambiwa wasiisome, na wasomaji wa aina hiyo hawaandikwi popote. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Tanzania mwaka 1991, nao ulikuwa na utaratibu wa kununua nakala 3,000 kati ya 5,000 zilizopigwa chapa na kuzigawa shuleni. Ulikuwa utaratibu mwema, uliookoa wachapishaji katika wakati mgumu, lakini kwa mtu anayetafuta wasomaji unamaanisha kwamba sehemu kubwa ya mauzo ilikwisha kufanyika kabla ya mtoto yeyote kufungua kitabu.

Sasa ni wakati wa kurudi ziwani na kuuliza vitabu hivi vilipitia njia gani. Uvira iko mbali na Kinshasa kwa zaidi ya kilomita 1,500 hata kwa ndege. Kigoma iko umbali wa kilomita kama 170 kwa maji, na Bujumbura iko ng'ambo tu ya mpaka, mwendo usiofika kilomita 30 kupitia Kavimvira na Gatumba. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Wabelgiji walipewa eneo lao la bandari Kigoma na jingine Dar es Salaam, ili mizigo ya mashariki ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite. Njia hiyo ilijengwa kwa ajili ya pamba, chumvi, vitambaa na mafuta. Hakuna aliyefikiria riwaya. Lakini njia ya bidhaa ni njia ya watu, na mtu anayesafiri siku kadhaa kwa treni na meli huhitaji kitu cha kusoma. Anaposhuka Kalundu, kitabu hushuka naye. Kadhalika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, wenye wakazi Waswahili tangu zamani, uliiweka lugha hii karibu sana na Uvira kuliko mji wowote wa Kongo ulivyofanya, ukiondoa Bukavu.

Upande wa serikali, mambo yalikwenda kinyume. Mfumo wa elimu wa mwaka 1962 uliifanya Kifaransa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mwaka 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana Lubumbashi wakajadili matumizi ya lugha za taifa shuleni na namna ya kuziandika. Sheria ya elimu ya mwaka 1986 ikazipa lugha hizo nafasi katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi. Ilikuwa nafasi ya kujifunzia kusoma, haikuwa nafasi ya kusoma. Mtoto wa Uvira alifundishwa herufi kwa Kiswahili, kisha akapewa vitabu vya Kifaransa maisha yake yote ya shule. Fasihi ya Kongo iliyoandikwa ilibaki kwa sehemu kubwa fasihi ya Kifaransa, na Kiswahili kikaachiwa nyimbo, mahubiri, redio na michezo ya kuigiza kama ile ya kundi la Mufwankolo mjini Lubumbashi.

Hata katika Kifaransa, nchi haikuwa na orodha. Inakubalika kwamba mwandishi aliyesomwa kuliko wote Zaire alikuwa Zamenga Batukezanga, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2000, mtunzi wa Les Hauts et les bas, Bandoki na Carte postale. Kukubalika huko kulitokana na nini? Hakukutokana na takwimu. Kulitokana na wanafunzi waliojua visa vyake kwa moyo, na maduka ya Watakatifu Paulo yaliyouza vitabu vyake vidogo kwa bei nafuu. Kulitokana pia na Kifaransa chake chepesi, ambacho baadhi ya wasomi walikidharau kama wenzao wa Dar es Salaam walivyomdharau Musiba. Umaarufu wake ulikuwa wa kusemwa. Ila ulisemwa katika lugha ya serikali na katika mji mkuu, na kwa sababu hiyo ulisikika, hata Wyatt MacGaffey akamwandikia makala mwaka 1982. Msomaji wa Kiswahili wa mwambao wa ziwa hakuwa na bahati hiyo. Dar es Salaam ilimwona kuwa yuko nje ya nchi. Kinshasa ilimwona kuwa anasoma vitu vya nje.

Kuna kejeli katika jambo hili. Riwaya ya Musiba ya mwaka 1979, Kikosi cha Kisasi, inampeleka Willy Gamba Kinshasa. Mji mkuu wa Zaire, pamoja na hoteli zake na usiku wake, unasimuliwa kwa Kiswahili sanifu na Mtanzania, kwa wasomaji wa Tanzania. Raia wa Zaire aliyekuwa Uvira, ambaye pengine asingeweza kamwe kulipia safari ya kwenda Kinshasa, angeweza kuupata mji wake mkuu katika lugha yake kwa njia ya kitabu kilichotoka upande wa pili wa ziwa. Naye Ben Mtobwa, aliyeandika Dar es Salaam Usiku na visa vya Joram Kiango, alikuwa mzaliwa wa mkoa wa Kigoma, yaani jirani wa maji yale yale. Kuigawa fasihi hii kwa mipaka ya mataifa ni kazi inayomfaa mtu wa forodha kuliko mwanafasihi.

Haina maana kwamba lugha ya vitabu hivi ilikuwa ni ile ile ya nyumbani. Msomaji anayesema bitabu na batu hukutana na vitabu na watu, na upatanisho wa sarufi ambao yeye huurahisisha. Hapa ndipo kusoma kwa sauti kunapopata umuhimu wake. Katika nyumba ambamo mmoja amesoma na wengine hawakusoma, au ambamo kitabu ni kimoja na wenye hamu ni sita, anayesoma hulazimika kufafanua. Neno la pwani hupewa maana kwa neno la ziwani au kwa neno la Kifaransa lililokwisha kuvaa vazi la Kiswahili. Mtu mmoja anashika kitabu, watu sita wamekisoma. Mfano ulioandikwa vizuri unatoka Kenya: Caitaani Mutharaba-Ini, riwaya ya Kigikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ilipigwa chapa nakala 5,000 mwaka 1980 kwa matarajio kwamba zingemalizika kwa miaka mitatu hadi mitano. Kabla ya mwaka huo kwisha nakala zilizopigwa chapa zilifikia 15,000. Lakini mwandishi mwenyewe alivutiwa zaidi na habari kwamba ilisomwa kwa sauti katika familia, kazini na katika vilabu vya pombe, ambako msomaji hodari alinyamaza kila gilasi yake ilipokauka mpaka ajaziwe. Nakala 15,000 ni hesabu kamili. Gilasi hazikuhesabiwa.

Je, wasomaji wa namna hii wanaweza kufuatiliwa? Wanaweza, ikiwa mtafiti atakiacha kitabu kipya dukani na kukitafuta kikuukuu, kile kilichotandazwa chini sokoni juu ya gunia au kilichofichwa sandukuni. Kitabu kilichopita mikono mingi hubeba ushahidi wake. Majina ya wenyewe huandikwa kwa kalamu ndani ya jalada, jina la kwanza limekatwa, la pili limekatwa, na pengine mahali na tarehe vimetajwa. Jalada limeshonwa kwa uzi. Kurasa za mwisho hazipo, jambo ambalo katika riwaya ya upelelezi ni msiba, nao huzaa simulizi: anayekumbuka mwisho huwaeleza wenzake. Hata namba ya kitabu inasaidia. Tarakimu 9976 na 9987 ni za Tanzania, 9966 ni za Kenya; zinaonyesha kitabu kilikozaliwa, na majina ya kalamu yanaonyesha kilikokwenda. Mtafiti mwenye subira angeweza kwa njia hii kuchora ramani ya usomaji ambayo haimo katika daftari la mchapishaji yeyote.

Pingamizi linaweza kutolewa hapa, nalo ni la haki. Kitabu kuukuu kilichosalia si lazima kiwe ndicho kilichopendwa zaidi. Huenda kilisalia kwa sababu hakuna aliyekigusa. Kilichopendwa kweli kweli kilisomwa mpaka kikaisha. Pingamizi hili haliondoi thamani ya njia yenyewe, ila linamtaka mtafiti ahesabu pia kumbukumbu: aulize visa, si vitabu. Mtu anayeweza kusimulia namna Bwana Msa alivyofumbua fumbo, bila kukumbuka jina la mwandishi, ni msomaji, au ni msikilizaji wa msomaji, na tofauti baina ya hao wawili katika mwambao huu haikuwa kubwa.

Kazi hiyo ingekuwa rahisi zaidi kama ingefanywa kabla ya mwaka 1996. Mnamo Oktoba mwaka huo vita viliikumba Uvira, na maelfu ya watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kuelekea Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo. Watoto wa kambi walisoma kwa mtaala wa Kongo, lakini Kiswahili kilichowazunguka, cha redio, cha magazeti na cha sokoni, kilikuwa cha Tanzania. Huo ulikuwa wakati ambapo hadithi za Eric Shigongo zilizotoka sehemu kwa sehemu katika magazeti ya kampuni yake ya Global Publishers, iliyoanza mwaka 1998, zilikuwa zikiwafanya watu wangoje toleo lijalo kama wanavyongoja mshahara. Gazeti lina kipimo chake: mhariri hujua kwa nakala zinazorudishwa ni hadithi ipi inayovuta. Lakini gazeti nalo lina wasomaji wa pili na wa tatu kabla ya kufungiwa karanga. Kuanzia mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha wakimbizi toka Kigoma hadi Baraka. Waliandikwa majina, umri, kijiji na idadi ya watu wa nyumba. Kila familia ilipimwa mizigo yake. Vitabu vilivyokuwa ndani ya mizigo hiyo, kama vilikuwamo, viliingia katika hesabu kama kilo.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukapita katikati ya mitaa ya Uvira. Watu walikufa, nyumba kwa maelfu zikaharibika, na karatasi zilizokuwa katika nyumba hizo, vyeti, barua, picha, vitabu vyenye majina ya kalamu ndani ya jalada, zikachukuliwa na maji kuelekea ziwani.